Saa Moja ya Kufika Bukoba

Mwanangu Queen ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengine huuita sikoseli. Mwenye mtoto wa namna hiyo anajua: maji yasikauke mwilini, baridi isimpate, asichoke. Kimoja kikikosekana, mifupa inaanza kuuma, na ikianza hujui maumivu yataishia mguuni au kifuani. Ya mguuni unalia naye. Ya kifuani unakimbia.

Nayaandika haya ili mzazi mwenzangu anayetaka kumtuma mtoto kwa ndege ayasome kabla hajatuma ujumbe kwa atakayempokea.

Mwaka jana tulikwenda Bukoba kwa basi, mimi naye, kumwona mama yangu Kemondo. Tulitoka Mwanza alfajiri. Queen alikataa kunywa maji njia nzima kwa sababu ya kuchimba dawa. Basi likisimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na yeye ameshaanza kuona haya. "Mama, sitaki kuchutama mbele za watu." Nikimpa chupa anaigusisha mdomoni tu na kunirudishia. Tulipofika Biharamulo vidole vimevimba. Likizo yote tuliimalizia wodini.

Mwaka huu bibi yake akaanza tena kuuliza, mjukuu wangu yuko wapi, mnataka nife sijamwona. Mume wangu Elias ni fundi wa magari pale Nyamagana. Jioni moja akarudi nyumbani Kisesa na simu mkononi, anacheka peke yake.

"Mama Queen, njoo uone. Nimeuliza umbali wa uwanja wa ndege wa Mwanza na ule wa Bukoba. Kwa anga ni kilomita mia na themanini hivi. Basi linazunguka ziwa lote hili, ndege inakata katikati. Muda wa safari, saa moja."

"Inakata katikati ya nini?"

"Ya ziwa."

"Hapo ndipo sitaki."

"Sasa ulitaka ipite Biharamulo ichimbe dawa?"

Nilicheka, lakini moyo ulikuwa umeshakataa. Sisi wa Bukoba hatujasahau ile ndege iliyoangukia ziwani, watu wamesimama ufukweni wanaiona. Elias akaniacha nimalize kusema, halafu akasema neno lililonigeuza. "Ndani ya saa moja, hata kiu haijampata."

Nauli ya kumsindikiza hatukuwa nayo. Tukampata Bi Mwanaharusi, Mama Raya, anayeuza vitenge jirani na gereji ya Elias. Yeye alikuwa anakwenda Bukoba Alhamisi kumwona kaka yake mgonjwa. Akakubali kukaa na Queen kwenye ndege na kumkabidhi kwa mdogo wangu Paskazia, anayeishi na mama kule Kemondo. Elias akamwandikia Paskazia ujumbe, akanisomea kabla hajautuma:

"Shemeji, Queen anakuja Alhamisi kwa ndege. Mwanza hadi Bukoba saa 1. Umpokee uwanjani."

Nikaona uko sawa. Hata wewe ukiusoma mara moja utaona uko sawa. Paskazia akajibu, "Sawa shemeji, nitakuwepo."

Siku iliyofuata nikampigia mwenyewe. Tukaongea habari za sweta, vidonge vyake, na kwamba asimpe maji ya baridi. Nikamwambia atakula chakula cha mchana nyumbani kwanza ndipo tutoke. Ndege yenyewe ilikuwa iondoke saa nane mchana. Hilo sikulitaja, maana nilijua Elias ameshaandika habari za ndege, na Paskazia hakuuliza, maana alijua ameshaandikiwa.

Alhamisi tulifika uwanjani mapema. Queen alikuwa amevaa sweta na chupa yake ya maji ameining'iniza begani. Nilimshika mashavu.

"Ukifika, usimfuate mtu yeyote. Kaa pale pale mpaka umwone mama mdogo kwa macho yako. Mtu akikwambia nimetumwa na mama yako, kataa."

"Hata akijua jina langu?"

"Hata akijua la babu yako."

Mama Raya alikuwa anatusikiliza huku anavuta sanduku lake. "Mama Queen, mimi nimelea saba. Huyu wako ni wa nane. Nenda nyumbani kapike."

Sikwenda kupika. Nilisimama nje ya uzio mpaka ndege ikaruka. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri, na kule ilikoelekea, juu ya maji, mawingu yalikuwa meusi. Ikaingia humo, mlio ukabaki kidogo, halafu nao ukaisha. Nikajiambia, saa moja tu. Nikakaa kwenye kivuli cha mti karibu na geti, simu mapajani, nisije nikapigiwa niko ndani ya gari nisisikie.

Ilipofika saa tisa sikupigiwa. Nikasema wanashuka. Saa tisa na robo nikasema wanachukua mizigo. Saa tisa na nusu nikampigia Mama Raya, na yule dada wa mtandao akaniambia namba haipatikani. Nikampigia Paskazia. Simu yake iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita tena, na kila inavyoita naona kama inaita ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Nikampigia Elias. Nyuma yake nilisikia nyundo zinagonga bati.

"Hawajapiga."

"Imepita saa?"

"Imepita saa na nusu."

"Ile saa moja ya kwenye simu ni ya angani tu. Bado kuna kushuka, kuna mizigo, kuna salamu. Hata mimi nikimwambia mteja gari lake saa moja liko tayari, si unanijua?"

"Nakujua. Ndiyo maana naogopa."

Akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati, na nyundo nazo zikanyamaza. Nadhani aliwaambia wenzake waache kugonga.

Kutoka hapo nilianza kutazama simu za watu. Kijana wa bodaboda alikuwa ameinamia yake, anaangalia kitu kwa makini, mwenzake akaja naye akainama. Nikaenda pale.

"Wanangu, kuna habari ya ndege?"

"Ndege gani, mama?"

Swali hilo tu lilinimaliza. Wao walikuwa wanaangalia mpira. Lakini mimi nilishaona maji, nilishaona sweta linaelea, na nilishaanza kuwaza nitamwambiaje mama yangu kwamba mjukuu aliyemtaka amefika ila hatumwoni.

Getini kulikuwa na mlinzi mtu mzima, Mzee Shimba. Nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe mama nimekuona hapo tangu mchana. Unamsubiri nani? Leo hakuna inayokuja sasa hivi."

"Ninayemsubiri ameshaondoka. Nataka kujua kama amefika."

Hakunicheka. Aliniambia nisimame hapo hapo, akaingia ndani, na akakaa huko muda ambao sitaki kuukumbuka. Alipotoka, nilimtazama anavyotembea ili nijue kabla hajasema. Alitembea kawaida.

"Ndege ya Bukoba ilitua salama. Imeshaondoka huko na abiria wengine."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mzee akageuka pembeni kunistahi. Kisha hofu nyingine ikaingia, na hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ndege ikianguka watu wote wanajua na wote wanakimbilia huko. Mwanangu alikuwa ametua salama kabisa, na hakuna hata mtu mmoja duniani aliyekuwa anamtafuta.

"Basi mtoto yuko wapi, baba?"

"Si yupo kwa aliyempokea?"

Simu ikalia. Ilikuwa saa kumi na moja. Paskazia.

"Dada, shikamoo. Nimekuta umepiga mara nyingi. Umeme umekatika, simu niliipeleka dukani kuchajiwa."

"Queen yuko wapi?"

"Queen? Si bado?"

"Paska, uko wapi wewe?"

"Niko nyumbani, nanawa miguu nitoke. Nilikuwa shambani kwenye kahawa na mama. Muda upo, dada. Saa moja bado."

"Saa moja ya nini?"

"Ya ndege. Shemeji aliandika Mwanza hadi Bukoba saa moja. Na wewe ukasema atakula chakula cha mchana kwanza. Nikajua basi ni saa moja ya jioni."

Nikashika chuma cha geti. "Paska. Saa moja ni muda wa kukaa angani. Walitua tangu saa tisa."

Nikasikia kitu kama beseni kinaanguka.

"Mvua inanyesha huko?"

"Mjini inaonekana inanyesha tangu hiyo saa tisa," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kukimbia. "Dada, nakwenda."

Angalieni jambo lenyewe lilivyo dogo. Kwetu saa moja ni dakika sitini, na saa moja ni jua linapozama. Neno ni lile lile. Mwenye nalo alilisema vizuri, aliyelipokea alilielewa vizuri, na katikati yao mtoto ameachwa kwenye mvua.

Kutoka Kemondo mpaka uwanjani Bukoba si mbali kwa gari, ila gari lilikuwa halipo. Paskazia alipanda bodaboda. Mimi huku Mwanza nikabaki na simu, na nikawa namwona Queen kwa akili yangu: chupa yake imeisha, sweta limelowa, miguu imeanza. Mtoto wa selimundu akipata baridi damu yake inakataa kupita. Daktari alitufundisha hivyo siku ya kwanza, akatuchorea kwa kalamu mishipa ilivyo, na ule mchoro ndio niliokuwa nauona pale getini.

Kabla Paskazia hajafika, Mama Raya akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Mama Queen, unisamehe, nilisahau kuwasha simu. Kushuka tu kwenye ndege nimekuta wanangu, watoto wa kaka, wananisubiri na gari. Kaka amefariki asubuhi. Walikuwa wameizuia maiti kwa ajili yangu, mazishi ni baada ya alasiri. Ndiyo tunatoka makaburini sasa."

"Pole, Mama Raya. Innalillahi. Queen ulimwacha kwa nani?"

"Nilimwuliza, mama mdogo wako yuko wapi? Akasema yuko njiani, atakuja, mama amesema nimsubiri hapa hapa. Nikataka kumchukua twende naye msibani, akashika benchi la pale nje. Nikamwomba mlinzi amwangalie. Nilijua ni dakika tano. Mama mdogo hajampata?"

Sikuweza kumgombeza. Kaka hazikwi mara mbili. Nilimwambia Paskazia yuko njiani, nikakata.

Elias alikuwa ameshafika, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Nilimweleza. Akafungua simu yake, akausoma ule ujumbe, akausoma tena.

"Niliandika vizuri," akasema.

"Uliandika vizuri."

Paskazia alipiga akiwa uwanjani. Nilisikia mvua kabla sijamsikia yeye. Benchi lilikuwa tupu. Mlinzi aliyekuwepo alikuwa ameingia zamu muda si mrefu, lakini aliambiwa kuna mtoto alianguka pale nje, na mama anayeuza chai ng'ambo ya barabara amempakia kwenye bajaji kumkimbiza hospitali.

"Alianguka vipi?"

"Dada, acha nikimbie."

Jua lilikuwa limeshazama alipopiga tena. Elias aliweka simu katikati yetu.

"Nimempata. Anaongezewa maji. Wamemwekea oksijeni."

"Maumivu yako wapi?" nikauliza. "Paska, niambie yako wapi."

"Kifuani, dada."

Usiku ule hakukuwa na ndege wala basi. Alfajiri tukapanda basi la kwanza. Tulipita daraja la Kigongo kukiwa kunapambazuka, maji chini yetu yametulia, na ndani ya basi watu wanasifia daraja lilivyowaokoa na foleni ya kivuko. Mimi nilikuwa nahesabu vituo. Saa moja ya jana leo ilikuwa ni Sengerema, ni Geita, ni Biharamulo, na wanapochimba dawa natamani kumwambia dereva awaache huko huko porini.

Tulimkuta Queen amelala ameinuliwa kwa mito, mkono umevimba, anapumua juu juu kama mtoto aliyetoka kukimbia. Kando yake alikuwa amekaa mwanamke aliyevaa koti la mvua la kiume. Paskazia akasema, "Huyu ndiye Teodora, mama wa chai." Usiku ule alilala hapo naye, wakati hata jina la mtoto alikuwa halijui mpaka Paskazia alipofika.

Nilipiga magoti kumshukuru, akaniinua haraka.

"Usinishukuru. Nilichelewa. Nilimwona tangu mvua inaanza. Nikamwita, njoo chini ya turubai langu, akatikisa kichwa. Nikampelekea mwavuli, akaupokea. Nikampelekea chai ya moto, akakataa. Akaniambia, mama amesema nisimfuate mtu. Nikamwambia hunifuati, unakunywa tu. Akasema hapana, shikamoo." Akatabasamu kidogo, halafu akaacha. "Mwavuli wenyewe ulikuwa wa kitoto, upepo ukaugeuza. Nikawa namtazama huku nahudumia wateja. Mara namwona amejilaza ubavu kwenye benchi, nikajua huu si usingizi."

"Maji alikuwa nayo?"

"Chupa ilikuwa na maji chini kabisa. Nilimwuliza kwenye bajaji, mbona hukunywa? Akasema anayanywa kidogo kidogo yasiishe, maana hajui mama mdogo yuko wapi."

Elias akatoka nje ya wodi. Paskazia alikuwa amejikunja ukutani, hajala tangu jana, na kila nesi akipita anauliza, "Anaendeleaje?" kama vile yeye ndiye mama. Nilimkalisha kwenye kiti. Alikuwa amefika uwanjani mapema kuliko alivyodhani anatakiwa, na bado amechelewa.

Mzazi mwenzangu, mimi sikwambii uache ndege. Ndege ilifanya ilichoahidi. Nakwambia hivi: ukimwandikia anayempokea mtoto, usimwandikie muda wa safari kabisa. Mwandikie, inaondoka Mwanza saa nane mchana, inafika Bukoba saa tisa mchana. Neno mchana usiliache. Kisha mpigie, umwambie akurudishie kwa mdomo wake: utakuwa uwanjani saa ngapi? Usiseme si ameshaandikiwa. Na anayemsindikiza asiondoke mpaka amempa mtoto mkono kwa mkono, hata kama ana msiba, na kama ana msiba aende na mtoto huko huko msibani. Na mtoto mwambie pia kwamba mvua ikinyesha anaruhusiwa kuingia chini ya turubai la mtu. Mimi nilimfundisha kuogopa watu tu. Mvua sikumfundisha.

Daktari alikuja mchana. Alisikiliza kifua muda mrefu, mbele na nyuma. Akasema wamewahi kumpa dawa, lakini kifua cha namna hii hawakiamini haraka, tusubiri tuone kesho kinasemaje. Nikamwuliza, atapona? Akasema, "Mama, tusubiri kesho." Elias akamwuliza tena kwa maneno mengine, akajibiwa yale yale.

Alasiri Queen akafungua macho. Akanitazama kwanza, akihakikisha.

"Mama, sikumfuata mtu."

"Najua."

"Yule mama alinibeba mwenyewe. Sikumfuata."

"Umefanya vizuri. Usiongee sana."

Akafumba macho, lakini vidole vyake vikashika pindo la kitenge changu. Nesi akaniambia mtoto anaweza kupewa uji mwepesi, unauzwa pale nje ya geti, nikauchukue ungali wa moto. Nikajaribu kujinasua taratibu. Akaamka.

"Unakwenda wapi?"

"Kukuletea uji."

"Unarudi saa ngapi?"

Saa yoyote niliyotaka kuitaja niliiogopa. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kufika kwenye mguu wa kitanda. Nikamwonyesha.

"Unaliona hilo? Halijafika kwenye shuka lako, nitakuwa nimerudi."

Akaligeukia, akaanza kulitazama bila kupepesa. Paskazia akasogeza kiti akakaa pale nilipokuwa, lakini Queen hakumshika nguo.

Nilishuka ngazi nakimbia, bilauri ya uji mkononi. Nje ya geti muuza uji alikuwepo, na mbele yake watu wamesimama na vikombe vyao, mzee mmoja anatafuta chenji mfuko huu na mfuko ule. Nikasimama nyuma yao. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani, na jua, nilipoinua macho, lilikuwa limeanza kuingia ndani yake.

Likifichika, Queen hana saa. Sikusubiri zamu yangu. Niliigeuza ile bilauri tupu mkononi, nikarudi juu nikikimbia.